Mwezeshaji Yumo Humu Humu Ofisini

Mbukwenyi!

Asanteni. Ndugu watumishi, wakubwa kwa wadogo, nimeombwa nizungumzie uwezeshaji ndani ya timu ya kazi, yaani kuongoza mazungumzo ili kila mtu aseme. Naanza na jambo mnalolijua kuliko mimi. Mtumishi wa halmashauri akitumwa kijijini, Bahi au Chamwino, kuendesha zoezi la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, lile la wanakijiji kupanga wenyewe maendeleo yao, anaifanya kazi ile vizuri. Anawaweka wanawake kivyao, vijana kivyao, wazee kivyao, maana anajua wakichanganywa watasema wawili na wengine wataitikia. Anauliza, ananyamaza, anasubiri. Huyo huyo Jumatatu yuko ofisini, kwenye kikao ambacho mkuu wa idara anafungua, anatoa hoja, anaijibu mwenyewe, kisha anauliza, "Kuna mwenye la ziada?" Kimya. "Basi tumekubaliana." Kikao kijacho tunafika kwenye yatokanayo, hakuna kilichofanyika, tunatazamana.

Kwa hiyo ujuzi upo. Tunauacha kijijini.

Tatizo ni kofia mbili kwenye kichwa kimoja: mwenye uamuzi ndiye anayeongoza mazungumzo. Mkuu akitangulia kusema, mjadala umekwisha. Nani atampinga anayemsainia ruhusa ya likizo? (Wakuu mliopo msininunie, nanyi mna wakuu wenu.) Mwezeshaji analinda mwendo wa mazungumzo tu: swali lenyewe ni lipi, nani hajasema, tumeamua nini, nani atalifanya na lini. Maoni yake anayaweka mfukoni, na hapo ndipo pagumu kwa mwezeshaji wa ndani, maana naye ni mdau. Mada ikimgusa, ampishe mwenzake.

Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliyalinganisha makundi ya watu wanne waliobuni mawazo pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakajumlishwa baadaye. Waliokuwa peke yao walipata mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kubwa: kundini anasema mmoja kwa wakati, na wewe unayengoja zamu wazo linakuponyoka, au unaona halina maana tena. Hapo mkuu hajatajwa hata kidogo! Mwongezeni mkuu muone.

Ndiyo maana napenda utaratibu huu. Swali liandikwe kwenye bangokitita, yale makaratasi makubwa ya kuandikia mbele ya watu. Kila mtu aandike majibu yake kimya kimya, dakika tano. Kisha mzunguko, kila mmoja wazo moja, mwanzo kwa mwenye cheo kidogo, mkuu mwisho kabisa. Wazo liandikwe kwa maneno ya aliyelisema. Mwezeshaji "akilinyoosha", mwenye wazo hasemi tena siku hiyo. Kuchambua ni baada ya yote kuwa ukutani.

Mtu anajifunzaje? Semina ya siku mbili hotelini si mbaya, chakula ni kizuri, lakini mkono hauzoei kwa kusikiliza. Chukueni ajenda moja tu ya kikao cha kawaida, apewe mtumishi mmoja aiendeshe, na kila kikao abadilike. Mwenzake mmoja asichangie, aangalie tu: nani alikatizwa, nani hakuulizwa, mwezeshaji alijijibu mara ngapi. Baada ya kikao wakae wawili wasemezane, bila mkuu. Wengi mtakwama kwenye kunyamaza. Mnauliza swali, na kabla mtu hajameza mate mmeshaongeza la pili. Hesabuni kumi moyoni.

Mkuu naye ana lake la kujifunza: kukaa pembeni. Atangulie kuwaambia watu wazi, jambo hili nataka ushauri, uamuzi ni wangu. Au hili amueni ninyi, nitalisimamia. Wakigundua baadaye kwamba lilikuwa limeshaamuliwa, hawatachangia tena, na nitakuwa upande wao.

Nimesema mno kwa mtu anayehubiri kunyamaza. Toeni kalamu. Swali ni hili: katika kikao chenu cha mwisho, ni jambo gani lilisemwa koridoni baada ya kikao, na halikusemwa ndani? Dakika tano, bila kunong'ona. Tutaanza na dada aliye nyuma pale mlangoni, mkurugenzi atamalizia.