Mbuzi Wako Amezaa Pacha

Mazungumzo na washiriki wa darasa la uandishi, Dar es Salaam, yameandikwa kama yalivyosemwa

Asanteni. Kaeni, kaeni. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Wazee wangu shikamooni, na wengine habari za mchana.

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini na mada ndefu, lakini walionisikia siku nyingine wanajua nitaangukia wapi, maana jambo langu ni lile lile. Kila nikianza darasa nauliza, "Nani ameandika chochote kuhusu maisha yake wiki hii?" Kimya. Halafu mmoja anasema kilichomo moyoni mwa wote: "Mwalimu, maisha yangu mimi nani atayataka? Naamka, naenda kazini, narudi, nalala." Maneno hayo nimeambiwa Tandale, nimeambiwa Mbagala, nimeambiwa hata Masaki na mtu mwenye nyumba ya ghorofa. Na kila nikiyasikia yananichoma, kwa sababu na mimi niliwahi kuyasema, tena nilimwambia mama yangu mzazi.

Ilikuwa siku ya kadi ya salamu, ile uliyojaza majina ya watu na ujumbe, ukaituma redioni, mtangazaji akaisoma. Naona wazee wanatikisa vichwa, vijana mtawauliza wao. Sisi tulikuwa Kilosa. Huku bara televisheni ilikuja mwaka 1994, kwa hiyo jioni yetu ilikuwa Radio Tanzania, na redio ilikuwa betri, na betri zikichoka ziliwekwa juani kwenye ungo zikajipatia nguvu za siku mbili zaidi. Mjomba wangu alikuwa kuli bandarini hapa Dar, amepanga Temeke. Alipoondoka alimwachia mama mbuzi wake mmoja.

Mama hakujua kuandika. Kadi ilinunuliwa, mimi wa miaka kumi nikashika kalamu. Majina ya wanaosalimiwa nikajaza. Tukafika pale pa ujumbe. Watu wa wakati ule waliweka methali: penye nia pana njia, haba na haba. Mama akasema, "Andika: mbuzi wako amezaa pacha, majike wote wawili." Nikagoma. Nilimwambia, "Mama, nchi nzima itasikia habari za mbuzi! Nani anataka habari za mbuzi wetu?" Akanitazama, akasema, "Mimi nazungumza na kaka yangu. Hiyo nchi nzima kama ina masikio, isikilize."

Ikasomwa. Ilichukua wiki nyingi lakini ikasomwa, kwa sauti ile ile ya mtangazaji tuliyemwona kama mtu wa serikali: mbuzi wako amezaa pacha, majike wote wawili. Kesho yake shuleni nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa sikilizeni. Miaka minane baadaye nakuja Dar kusoma, na sanduku langu, nafika Temeke kwa mjomba. Mjomba yupo kazini. Uani kuna mama mmoja mpangaji, yuko kwenye kikaango cha vitumbua. Namsalimia, najitambulisha. Akaweka kijiti chini. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa Kilosa? Wale mbuzi pacha walikua?"

Hajanijua jina. Hajafika Kilosa hata siku moja. Aliisikia kadi ile uani pale pamoja na mjomba, wapangaji wa vyumba sita wamezunguka redio moja, na akaniambia jioni ile waliwapigia makofi mbuzi. Miaka minane alikuwa na swali hilo na hakuwa na wa kumuuliza.

Hadithi hii nimeisimulia sana, najua, na nitaendelea kuisimulia mpaka mtu wa mwisho aache kuniuliza "nani atayataka". Swali hilo mama hakujiuliza. Yeye alikuwa na mtu mmoja na habari moja inayomhusu mtu huyo. Yule mama wa vitumbua alivutwa na habari ile kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Angeandika methali, ingesahaulika kabla kikaango hakijapoa.

Jambo la pili kuhusu kadi ile ni kwamba redio haikumrudishia mama hesabu. Hakuambiwa wamesikia watu kumi au laki moja. Leo unaweka stetasi WhatsApp, inakaa saa 24, na saa zote hizo simu inakuonyesha nani ametazama, nawe unawatafuta ambao hawakutazama. Mtu ana watu 200 kwenye simu, wametazama 31, anaifuta. Mwanangu, watu 31! Uani kwa mjomba hawakufika 31! Hesabu hiyo ndiyo inayokuambia maisha yako hayana ladha. Kabla simu haijaanza kuhesabu ulikuwa unasimulia vizuri tu, kwenye daladala, kwenye foleni ya maji, msibani, na hakuna aliyekukatiza kukuuliza una wafuasi wangapi.

Kuna dada pale naona ananitazama kwa mashaka. Najua unachotaka kusema: "Mwalimu, huko ni kujianika. Watu watasema natafuta kiki. Na kijicho je?" Haya, tuzungumze. Hiyo khanga uliyojifunga imeandikwa nini? Usinisomee, baki nayo. Lakini dukani Kariakoo uliposhika ile doti ulianza na rangi au ulianza na jina? Mwanamke anachagua jina la khanga kwa ajili ya jirani mmoja, au wifi mmoja, au mume. Kisha anapita nalo mtaa mzima, na mtaa mzima unasoma. Mwenye kuhusika anajijua, wengine wanafurahia maneno. Bibi zetu hawa tunaowaita watu wa siri wametembea na mambo yao mgongoni kwa zaidi ya miaka mia moja. Walichojua wao ni kipi cha kuandika kwenye khanga na kipi cha kubaki chumbani. Anayejianika ni yule asiyejua anazungumza na nani, kwa hiyo anamwaga vyote.

Na hili la kumlenga mtu mmoja silileti mimi. Mwana Kupona, yule mtunzi wa utendi, mwaka 1858 alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyepigana na Sultani wa Zanzibar. Vita vilikuwepo vya kutungia beti. Yeye alikuwa mgonjwa, anasema mwenyewe ubeti wa pili kwamba maradhi yametimiza mwaka, akamwita binti yake akae karibu achukue wino. Akamwambia mambo ya ndani ya nyumba: namna ya kuishi na mume, namna ya kusema na watu, namna ya kumwomba Mungu. Mmekubaliana naye au hamkukubaliana, na mabinti wa darasa langu humpinga kweli kweli kwenye yale ya mume, lakini mnampinga mwanamke aliyeanza kwa kuzungumza na binti yake! Shaaban Robert naye, karani wa forodha, alimtungia binti yake Mwanjaa. Sina muda wa kuingia huko.

Nina mwanafunzi mmoja, fundi cherehani wa Kariakoo, anakaa Kigamboni. Siku ya kwanza aliniletea mstari mmoja: "Navuka asubuhi na pantoni, navuka jioni." Nikamuuliza, "Ndani ya pantoni unasimama wapi?" Akashangaa. Akasema kushoto, karibu na mnyororo wa mbele. Kwa nini hapo? Akanyamaza sana.

Mnakumbuka mwaka 2012 nauli ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Magazeti yaliandika, watu walipiga kelele, yakaisha. Mkewe wakati ule alikuwa anauza mihogo ya kukaanga upande wa mjini. Walikuwa wanavuka wawili, kwenda na kurudi. Wakapiga hesabu usiku: shilingi 400 zaidi kila siku. Mke akahamishia meza yake Kigamboni, na tangu hapo hakuvuka tena kwa biashara. Fundi akaniambia, "Mwalimu, pale kwenye mnyororo ndipo tulipokuwa tunasimama wawili." Na bado anasimama hapo.

Nani aliandika hilo? Bei ya tiketi iko kwenye kumbukumbu za magazeti. Ile nafasi ya mtu mmoja iliyobaki wazi kwenye pantoni haipo popote, isipokuwa kwa fundi yule, na yeye alikuwa anaamini kabisa kwamba hana cha kusema.

Nikamuuliza anataka kumwandikia nani. Ana binti ameolewa Mwanza, ambaye wakati ule alikuwa darasa la pili na hakujua kwa nini mama aliacha kwenda mjini. Akamwandikia, akaweka kwenye kundi la familia. Binti ndiye aliyeomba ruhusa aiweke Facebook. Msiniulize wamesoma wangapi, sikuuliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mengine kwa haraka. Maisha yako ni yako, ya mwenzio si yako. Picha ya mgonjwa kitandani, mtoto anayelia, ugomvi wa kaka na shemeji, hayo uombe ruhusa, na kama mwenyewe hawezi kutoa ruhusa, acha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isomeni, ila hata bila sheria hiyo ni utu. Kuhusu kupata pesa kwa kuandika nilikuwa na ukurasa mzima, nauruka. Kuhusu wasiotaka kuandika kabisa: msiandike, hamna deni kwa mtu. Nawagombeza wanaotaka na wanajinyima.

Mlangoni kuna meza. Nimekata kadi, saizi ile ile ya zamani, na kalamu zipo. Kila mtu achukue moja kabla hajatoka. Juu uandike jina la mtu mmoja, mtu mwenye jina. Chini uandike jambo moja lililotokea kwenu wiki hii ambalo yeye angelitaka. Atakayeanza na "Habari zenu wote" nitamrudishia kadi yake aanze upya, na nitasimama hapo mlangoni mwenyewe.