Kura ya Mbunge na Mali ya Mbunge

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Tuko Arusha, kwa hiyo naanza na kilichoamuliwa hapa. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mjini humu, na Azimio likatoka na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mbunge naye alibanwa humo. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama, wakati huo kikiitwa CCM, kikayalegeza masharti hayo. Ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya 1995, ambayo inamtaka mbunge aorodheshe mali na madeni yake kwenye fomu, aipeleke Sekretarieti ya Maadili kila mwisho wa mwaka.

Hisa tumemruhusu. Basi fomu tuisome! Lakini mkazi wa Ngaramtoni hawezi kuifungua kwenye simu yake.

Uingereza wanaweza. Owen Paterson alikuwa mbunge wa North Shropshire tangu 1997, akapata hata uwaziri. Rejista ya maslahi, iliyo wazi kwa yeyote, ilionyesha kuwa kampuni mbili, Randox na Lynn's Country Foods, zinamlipa. Kulipwa hakukuwa kosa, na alikuwa ameyatangaza malipo yenyewe. Kosa lilikuwa kuzisemea kampuni hizo serikalini huku zikimlipa. Mwaka 2021 kamati ya Bunge ikapendekeza asimamishwe siku 30 za vikao. Novemba 3 chama chake kikapiga kura kumkinga, kikashinda 250 kwa 232, na majina ya wote waliopiga yakachapishwa. Wananchi wakawaka. Kesho yake serikali ikarudi nyuma, Paterson akatangaza kujiuzulu, na Desemba jimbo ambalo chama chake kililishinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 22,000 likachukuliwa na upinzani.

Sasa njooni Dodoma. Mara nyingi wabunge wanahojiwa, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Sauti zinapanda, kiti kinatamka upande ulioshinda. Wa kwako alisema nini? Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala, ambayo iko kwenye tovuti ya Bunge, itakupa kila neno alilochangia, lakini si sauti yake katika ule mchanganyiko. Kwenye kura ya bajeti ndipo anaitwa kwa jina na kujibu. Hilo ni jambo jema mno, na sioni kwa nini miswada ya ardhi, ya madini, ya hifadhi, inayogusa watu wa Monduli na Longido moja kwa moja, isipigiwe kura vivyo hivyo.

Kanuni zinamtaka pia mbunge mwenye maslahi ya kifedha katika hoja ayatamke kabla ya kuchangia. Someni Hansard mwone kama aliyatamka. Na akija kwenye mkutano wa kata, mshukuruni kwa mabati ya shule, kisha mwombeni, kwa heshima na mbele ya wote, mkutano ujao aje na nakala ya fomu yake.