Siku ya Mama Haikuzaliwa Dukani

Ndugu zangu, mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana narudi palepale: Siku ya Mama, na jinsi biashara ilivyoiteka. Na narudi kwa Anna Jarvis, Mmarekani aliyeianzisha, kwa sababu siku ni yake na sisi hata jina lake hatulijui.

Mama yake, Ann, alizaa watoto zaidi ya kumi. Waliofikia utu uzima ni wanne. Kule West Virginia maradhi yalikuwa yakifyeka watoto, naye akawakusanya akina mama wenzake wakague maziwa, wasafishe mazingira, wauguze wagonjwa. Akafariki 1905. Mwaka 1908 binti akapeleka maua meupe 500 ya karnesheni kanisani Grafton, ibada ya kumkumbuka. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza Jumapili ya pili ya Mei kuwa siku ya taifa zima.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Wauza maua wakapandisha bei. Wachapishaji wakaleta kadi zenye maneno yaliyokwisha andikwa. Anna akawaka! Yeye alitaka barua, mtoto aandike kwa mkono wake. Hata jina la siku alishikilia liandikwe kwa umoja: mama mmoja, yule aliyekuzaa wewe. Akatishia kushtaki watu, akavamia mikutano, na 1925 akakamatwa Philadelphia alipokwenda kuwakabili akina mama waliokuwa wakiuza karnesheni. Akamaliza mali yake katika vita hivyo, akafa 1948 akiwa kwenye nyumba ya wagonjwa, bila mume, bila mtoto, bila kitu.

Kuna atakayesema, "Mwalimu, kwani zawadi ni dhambi? Mama akiletewa kitenge atakirudisha?" Harudishi! Mpelekee kitenge hata Januari. Ninachouliza ni nani aliyekukumbusha: moyo wako, au ujumbe wa ofa kwenye simu? Na ofa zenyewe ni pasi, jiko, sufuria. Mama anapewa pole ya kazi kwa kuongezewa vyombo vya kazi, na tunapiga makofi.

Halafu kuna Naivasha, kule Kenya kwenye mashamba ya maua. Waridi wanaopokea akina mama wa Ulaya huchumwa na wanawake, wengi wao wana watoto, na oda za msimu zikija saa za kazi hurefuka. Watoto wanalala kwa jirani. Hilo peke yake ni mhadhara mzima. Idi na Krismasi, ambazo nazo biashara imeziteka, nilikuwa nimeziandaa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali.