Kaza, legeza: misuli inavyosukuma damu ukiwa mazoezini

Karibuni sana. Leo hatuhitaji vyuma wala mashine. Tafuta kiti, ukuta na taulo dogo. Mwenye presha ya kupanda atazame tu, asijaribu zile sehemu za kukaza na kushikilia mpaka aongee na daktari wake.

Tuanze na mkono. Keti, kunja taulo, libane kiganjani kwa nguvu zako zote. Usiliachie. Hesabu polepole mpaka 20, na usibane pumzi. Unasikia kigasha kinavyoanza kuwaka moto? Haya, achia. Fungua kiganja ukitazame upesi, kabla rangi haijarudi: kimepauka. Hapo ni taulo lililoiminya ngozi. Ndani ya kigasha, misuli yenyewe imeiminya mishipa ya damu inayopita katikati yake. Ukikaza zaidi ya nusu ya nguvu zako na kushikilia, damu mpya hupenya kwa shida, na kwenye baadhi ya misuli husimama kabisa. Wakati huohuo misuli inaendelea kutumia oksijeni na kuzalisha asidi na kabonidioksidi. Kemikali hizo ndizo zinazoitanua mishipa midogo, kwa hiyo ukiachia tu, damu huingia kwa kasi kuliko ulipokuwa umepumzika.

Sasa nenda ukutani. Egemeza mgongo, shuka mpaka magoti yakunjike kama umekaa kwenye kiti. Tulia hapo sekunde 30. Pumua! Wengi hapa hubana pumzi, na kufanya hivyo kunapandisha presha zaidi. Mapaja yanatetemeka, sivyo? Inuka, pumzika dakika mbili.

Rudia kwa muda uleule, ila safari hii chuchumaa na kusimama, chuchumaa na kusimama, bila kusita. Umetoa jasho zaidi, lakini mapaja hayajaungua kama mara ya kwanza. Kila unapokaza, misuli inaisukuma damu iliyotumika irudi kwenye moyo, na vilango vilivyo ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, vinaizuia isishuke tena. Kila unapolegeza, damu mpya inaingia. Shika shavu la mguu unapotembea, utalisikia likikaza na kulegea. Lenyewe ni pampu kubwa. Ukiwa umetulia, moyo husukuma kama lita 5 kwa dakika. Mtu mwenye mazoezi akikimbia kwa nguvu zote hupita lita 20, na sehemu kubwa, kama asilimia 80, inakwenda kwenye misuli. Moyo hauwezi kutoa kiasi hicho kama miguu hairudishi.

Ndiyo maana sehemu hii ya mwisho naisisitiza kuliko zote. Umekimbia mbio kali, umefika mwisho: usisimame ghafla! Mishipa ya miguu bado imetanuka na pampu umeizima. Damu inabaki chini, ubongo unapungukiwa, unapata kizunguzungu au unaanguka kabisa. Endelea kutembea taratibu dakika tano hadi kumi, mpaka pumzi itulie.

Ukimuona mwenzako anayumba baada ya mbio, msimkalishe wala kumsimamisha kwa nguvu. Mlazeni chali, mnyanyueni miguu juu ya begi au kiti. Akilalamika kifua kinambana, au asipozinduka mara moja, mpelekeni hospitali bila kuchelewa.