Jinsi ya kupanga pa kuchaji gari la umeme, Tabora mpaka Kigoma

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunapanga safari ya gari la umeme kutoka Tabora mjini mpaka Kigoma, kilomita kama 400 kwa njia ya Urambo, Kaliua, Malagarasi na Uvinza. Chukua kalamu na karatasi, utanishukuru baadaye.

Video nyingi za safari za namna hii zinatoka Ulaya na Marekani. Mwenzako anafungua programu kama A Better Routeplanner, anaandika anakokwenda, programu inamchagulia vituo vya kuchaji haraka, anakunywa kahawa nusu saa, anaendelea. Ukilifuata hilo kichwa kichwa kwenye njia hii, utalala porini. Huku utachaji usiku, kwenye soketi ya ukutani, wewe ukiwa umelala. Kwa hiyo cha kupanga ni utalala wapi, na umeme wa hapo ukoje. Mengine yote yanafuata.

Hatua ya kwanza, ijue betri yako ilivyo leo, achana na ilivyoandikwa kwenye tangazo la muuzaji. Betri hupimwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ni uniti moja ya luku, ile ile unayonunua kwa simu. Basi humu nitasema uniti tu, tuelewane.

Mfano wetu ni Nissan Leaf ya uniti 40 iliyotumika Japani. Angalia kwenye dashibodi, pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kikipotea kimoja, ujue betri imeshuka hadi kama asilimia 85 ya ilivyokuwa mpya. Ukitaka uhakika zaidi, nunua kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, kisha usome afya ya betri kwa programu ya LeafSpy. Gari letu la mfano lina asilimia 85, kwa hiyo uniti za kutembelea ni kama 32. Andika 32.

Halafu andika mwendo. Hapa ndipo madereva wengi wanapojidanganya. Ukitembea kilomita 80 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kidogo, Leaf inakula uniti kama 16 kwa kilomita 100. Ukikanyaga mpaka 110, inakwenda kwenye 20 na zaidi, kwa sababu upinzani wa hewa hauongezeki kidogo kidogo, unapanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Uniti 32 kwa mwendo wa 80 ni kilomita 200. Toa sehemu moja ya tano uiweke akiba, zinabaki 160. Hiyo namba 160 izungushie duara. Hakuna kipande cha safari kitakachoizidi. Ile namba ya kilomita zilizobaki inayoonyeshwa na gari isikupe kiburi, inakisia kwa jinsi ulivyoendesha jana mjini.

Hatua ya pili, kata njia vipande. Tabora hadi Urambo ni kilomita 94, na Kaliua iko mbele yake kwa thelathini na kitu, tuseme 125 kwa jumla. Kaliua hadi Uvinza kupitia Malagarasi, weka 155. Uvinza hadi Kigoma kupitia Kidahwe, 105. Ukifika kila mahali, soma kilomita za gari lako uzisahihishe hizi zangu.

Umeona? Kipande cha katikati, 155, kinagusa duara letu. Huko ndiko akili yote iwe. Kabla ya kuondoka Tabora nenda stendi, uwaulize madereva wa mabasi ya Kigoma hali ya barabara wiki hii: lami iko vipi, kuna mchepuko wapi, mvua imefanya nini. Wao wamepita jana. Kuanzia Novemba hadi Aprili swali hilo ni la lazima, maana matope na changarawe laini vinakula chaji.

Mpango wenyewe basi ni huu: unalala Kaliua, unalala Uvinza, siku ya tatu uko Kigoma. Najua mtasema basi linakwenda kwa siku moja. Kweli kabisa. Mwenye gari la betri ya uniti 60 na kuendelea anaweza kulala mara moja tu, lakini mwenye Leaf akubali yaishe.

Hatua ya tatu ndiyo nitakayokaa nayo sana: kupiga simu. Tafuta gesti tatu za Kaliua na tatu za Uvinza, usitosheke na moja. Swali la kwanza lisiwe "mna chaji ya gari la umeme?" Utajibiwa hatuna, simu itakatwa. Uliza hivi:

"Habari za saa hizi, dada. Samahani, naulizia chumba cha kesho kutwa."

"Nzuri, kaka. Vipo, cha feni na cha kiyoyozi."

"Naomba cha kiyoyozi, kiwe chini, kilicho karibu na pa kuegesha gari. Gari langu linatumia umeme, litachomekwa usiku kucha. Ni kama pasi mbili ziwashwe mpaka asubuhi. Luku nitanunua mwenyewe."

"Abee? Pasi mbili usiku mzima? Ngoja nimwulize bosi."

Hapo nyamaza, usubiri. Chumba cha kiyoyozi tunakitaka kwa sababu mara nyingi waya wake ni mnene kuliko wa chumba cha feni. Bosi akija, mwombe namba ya mita, umnunulie uniti kabla hujachomeka. Kujaza uniti 20 kwenye betri, mita itahesabu kama 23, maana nyingine hupotea kwenye joto la waya na chaja. Kwa tarifa ya kawaida elfu kumi inaleta uniti kama 28, kwa hiyo elfu kumi inatosha na chenji inabaki kwake. Atakukaribisha tena.

Na hapa kuna jambo ambalo wageni hawalifikirii. Ukilala kwa ndugu, shangazi yako pale Urambo kwa mfano, huenda mita yake iko kwenye tarifa ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaonunua uniti kwa bei ya chini sana. Ukichaji kwake mara mbili umemmalizia zaidi ya nusu, na akizidisha, bei inamrukia. Yeye hatasema neno, wewe ni mtoto wa nyumbani. Uliza kabla, au chaji gesti kisha uende kwake kula.

Hatua ya nne, vifaa. Beba chaja yako ya kubebeka yenye plagi ya pini tatu za hapa kwetu, na iwe ya kupunguza ampea, yaani kiasi cha umeme inachovuta kwenye soketi: 6, 8, 10. Kama gari limetoka Japani na waya wake wa Kijapani, usiuunganishe kwa adapta ya mtaani. Mpe fundi umeme anayeaminika asome kibandiko cha chaja kwanza. Beba ekstensheni ya nyaya za milimita mraba 2.5, mita 20, na uifungue yote unapochaji. Ikibaki imezungushwa kwenye gurudumu lake inajipika yenyewe. Zile ekstensheni nyembamba nyeupe za televisheni ziache nyumbani. Beba pia kile kiplagi kidogo chenye taa tatu cha kupimia soketi. Chaja nyingi hukataa kufanya kazi kama waya wa ardhini haupo, na nyumba zisizo nao ni nyingi. Ni heri ujue hilo jioni na mapema, uhamie gesti namba mbili.

Hatua ya tano, umefika Kaliua. Umetembea kilomita 125, umetumia uniti 20, zimebaki 12. Chomeka palepale, usingoje usiku wa manane, kwa sababu umeme ukikatika saa tano utakuwa umeshavuna kitu. Weka ampea 10. Soketi ya volti 230 kwa ampea 10 inatoa kama uniti mbili na robo kwa saa, na zinazoingia kwenye betri ni mbili hivi, sawa na kilomita 12 za njia. Uniti 20 ni saa kumi. Ukianza saa kumi na moja jioni, saa tisa usiku imejaa.

Baada ya nusu saa, rudi ushike plagi kwa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishikilia ukahesabu hadi kumi, chomoa, pumzisha, urudishe kwa ampea 8 au ubadilishe soketi. Harufu ya plastiki ikitoka, mjadala umekwisha, usichaji hapo. Jioni watu wakipika na kuangalia taarifa ya habari umeme unaweza kushuka, chaja ikakatisha. Hapo pia shusha ampea, usimgombeze mwenye gesti.

Kama usiku umeme haukurudi kabisa, usikimbilie jenereta ndogo ya petroli ya gesti, chaja nyingi huikataa. Kesho yake tafuta mashine ya kukoboa mpunga au karakana ya kuchomelea. Huko kuna umeme wa fezi tatu na nyaya nene, na wengine wana jenereta kubwa. Muunganishe na fundi wao, mkubaliane bei, usijiunganishie mwenyewe hata kama unajua.

Hatua ya sita, Kaliua hadi Uvinza. Ondoka ikiwa imejaa mia kwa mia, alfajiri kabla ya joto. Pakua ramani kwenye simu kabla, maana mtandao huko unapotea na kurudi. Tembea 65, siyo 80. Nusu ya njia, kama kilomita 78, angalia chaji: ikiwa chini ya asilimia 60, shuka hadi 50 na uzime kiyoyozi, fungua vioo. Kwa mwendo huo mdogo kiyoyozi kinachokula uniti moja kwa saa si kitu cha kudharau. Kwenye matuta na rasta achia mguu mapema, gari lirudishe chaji lenyewe. Ikitokea limezima, usikubali kuvutwa kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, mota inaweza kuungua. Linapandishwa kwenye lori au linanyanyuliwa mbele.

Uvinza hadi Kigoma haina maneno mengi. Kilomita 105 ni uniti 17, kwa hiyo asubuhi ukikuta robo tatu imejaa, ondoka. Nunua chumvi ya Uvinza ukipenda, wenyeji wako Mwanga na Ujiji watafurahi.

Kurudi hesabu inabadilika. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko 773. Kulinyanyua gari la kilo 1,700 kwa tofauti hiyo kunakula uniti mbili, yaani kilomita 12 zimekwenda. Kwa hiyo ukirudi Uvinza, robo tatu haitoshi tena. Lala hadi ijae, hata kama utaondoka saa nne asubuhi.