Tukimwekea Isike Kibao, Tuandike Nini?

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo.

Mgeni akishuka Tabora leo, moja kwa moja anapelekwa Kwihara kuona tembe ya Livingstone. Livingstone alikaa pale miezi michache ya mwaka 1872 akingoja wapagazi, Agosti akaondoka zake. Sina ugomvi na tembe ile. Ila Isike alitawala Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi hapa Tabora, tangu 1876 hadi alipouawa, tena kwa kupigana, na kumbukumbu yake inataka kibao chenye maneno yaliyopimwa.

Isike alijua thamani ya mahali alipokaa. Njia ya pembe kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita mlangoni kwake, naye alitoza hongo, yaani ushuru wa wapita njia. Mwaka 1890 Emin Pasha, mjumbe wa Wajerumani, akapandisha bendera ya Ujerumani hapa mjini kwa kupatana na Waarabu. Mtemi mwenyewe hakukubali. Mwaka 1892 Wajerumani wakaishambulia ngome yake, wakashindwa kuiteka. Hapo ndipo vibao vingi vya vita vidogo huruka: vinaandika siku ya ushindi, siku ambazo mkubwa alirudi mikono mitupu havizitaji.

Januari 1893 akaja Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani, yule waliyemwita Bwana Sakarani, akiwa na askari wake. Ngome ilipovunjwa, Isike aliingia kwenye ghala la baruti na watu wa nyumba yake, akailipua. Angekufa hapo, kisa kingekwisha. Lakini alitolewa kwenye kifusi akiwa bado anahema, na katika hali hiyohiyo wakamnyonga. Mtu anayekata roho ananyongwa kwa kazi gani? Kwangu jibu ni moja: ilitakiwa watu waone kamba. Hilo lazima liandikwe, hata kama litawakera wafadhili.

Jambo la pili litatukera sisi. Waliovamia kuta zile hawakuwa Wazungu watupu. Maofisa wa Kijerumani walihesabika, wengi walikuwa askari weusi, wakiwemo Wasudani. Na baada ya vita, mtemi aliyesimikwa badala yake alitoka ukoo huohuo wa Unyanyembe. Kibao kinachosema “Wajerumani walimshinda Isike” kinatupa raha tusiyostahili.

Sakarani naye alikufa vitani Tanga, Novemba 1914. Jina lake lingali kwenye shamba huko Usambara, na mzabibu unalimwa.

Pendekezo langu ni hili: “Hapa Mtemi Isike alizuia mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892. Januari 1893 ngome ilitekwa na askari wa Kiafrika chini ya maofisa wa Kijerumani. Isike alijilipua, akanyongwa kabla hajakata roho.” Kiandikwe kwa Kiswahili na Kinyamwezi, na kiwekwe Itetemia, kwenye makao ya utemi, si mjini kwenye boma la Mjerumani.

Haya, maswali. Mzee mwenye fimbo pale aanze.