Kahawa yako imetoka wapi? Mhadhara kwa wakulima na wauzaji wa kahawa, Bukavu

Jambo kwenu, wamama na wababa, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti. Nimeombwa niseme juu ya kuuza bidhaa katika umoja wa nchi zenye soko moja na sarafu moja. Nitasema juu ya Ulaya, na nitasema juu ya kahawa, maana hiyo ndiyo mikono yetu inaijua.

Miaka mingi kahawa yetu ilivuka Ziwa Kivu usiku. Mtu wa Ijwi au wa Kalehe alipakia parche, kahawa iliyokaushwa ikiwa bado na ganda lake la ndani, katika mtumbwi, akapiga kafi hadi Rwanda. Wengine hawakurudi, na wajane wao wapo hadi leo. Waliofika walilipwa, ndiyo, lakini kulipokucha kahawa ile ilikuwa imebadili uraia. Shikeni neno hilo la uraia.

Umoja wa Ulaya una nchi 27. Mwaka 1968, zilipokuwa bado sita tu, nchi hizo zilimaliza kuondoa ushuru wa forodha kati yao na kuweka mmoja kwa wote wanaotoka nje. Kwa muuzaji maana yake ni hii: kontena likishatoka duane, yaani forodha, ya bandari ya Antwerp kule Ubelgiji, linaweza kwenda hadi Poland bila mtu kulifungua kwa ajili ya duane tena. Kwa hiyo kila kitu ambacho kingeulizwa kwenye mipaka ya ndani kinaulizwa pale mlangoni, mara moja, kwa ukali. Na swali la kwanza ni: hii imetoka wapi?

Wengi hudhani swali hilo ni la ushuru. Kwa kahawa mbichi, hapana: ushuru wake ni sifuri hata kwa Brazil. Iliyokaangwa ndiyo inatozwa asilimia 7.5, na hapo Kongo inasamehewa, kwa kuwa tangu 2001 nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo zinaingiza kila kitu bila ushuru isipokuwa silaha. (Mpango wenyewe unaitwa hivyo hivyo, kila kitu isipokuwa silaha. Aliyeutafutia jina hakujisumbua.) Ili usamehewe, shehena ikizidi euro 6,000 lazima uwe muuzaji aliyesajiliwa, na uandike tamko la asili kwenye fakture, yaani ankara. Msidhani pia kwamba soko moja ni kodi moja. Ujerumani inatoza euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, itoke kokote. Analipa mtu wa kule, lakini amekwisha kuipigia hesabu kabla hajakutajia bei.

Sasa tufike penye uzito. Mwaka 2023 Ulaya ilipitisha sheria juu ya bidhaa zinazomaliza misitu: kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe. Tarehe ya kuanza kutumika imekuwa ikisogezwa, na kuna watu hapa mjini wanaocheka kwamba haitakuja. Mimi siwasikilizi, kwa sababu wanunuzi wamekwisha kuanza kuuliza. Sheria inataka kahawa isitoke kwenye shamba lililokatwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na inataka kuliona shamba lenyewe. Si kijiji wala groupement, yaani kundi la vijiji, bali shamba. Likizidi hektari 4, uchore mipaka yake yote. Lisipozidi, nukta moja inatosha: latitudo na longitudo, tarakimu sita baada ya desimali. Wengi wenu hamna hata hektari moja, kwa hiyo kazi ni nukta moja kwa kila mkulima, na simu ya kawaida inaweza kuipata mkisimama katikati ya shamba mbingu ikiwa wazi.

Ugumu uko kwenye depo. Kooperative ina wakulima mia nane wenye nukta zao. Siku ya mwisho gunia zinapungua, mtu anakwenda kununua kumi kwa mchuuzi wa barabarani, anazimwaga humo humo. Shehena yote imeharibika. Sheria haikubali kuchanganya kahawa inayojulikana na isiyojulikana, hata kidogo. Gunia hizo kumi hazina uraia, na zimewanyang'anya uraia hizo nyingine mia tatu.

Juu ya sarafu nitapita haraka. Euro ni fedha ya mnunuzi, lakini arabika bei yake inapangwa New York, kwa senti za dola kwa ratili. Kontena la gunia 320 za kilo 60 lina ratili kama 42,300. Senti moja ikishuka, dola 423 zimeondoka. Ukikubali mkataba wa euro huku unawalipa wakulima kwa dola, umejiongezea hatari ya pili juu ya hiyo. Mimi ningekataa.

Mama mmoja ameinua mkono tangu zamani. Sema, mama.

Anauliza: shamba ni la marehemu mume wake, halina karatasi, na shemeji zake wanalitaka. Nukta itaandikwa kwa jina la nani?

Mama, hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyoyataja, na halikutoka Ulaya. Sheria yao inataka pia shamba liwe halali kwa sheria za nchi yetu. Nchi yetu, katika sheria ya ardhi ya 1973, iliahidi kwamba haki za ardhi ya kimila zitapangwa kwa ordonansi ya Rais, na makumi ya miaka yalipita ordonansi hiyo haijatoka. Kwa hiyo usiingojee. Nenda kwa chifu wa kijiji pamoja na majirani wawili wanaopakana nawe, mwandike kwamba wewe ndiye unayelima pale, wote waweke sahihi, na nakala moja ibaki kooperative. Nenda wiki hii, kabla ya mavuno, kabla shemeji hawajafika na simu yao.